Gauni la Tetroni Harusini Kengeja

Mama yangu uliyetangulia,

Juzi kwenye hitima yako Shangazi Mwanaisha alilisimulia tena lile gauni. Hasira hazijanitoka mpaka sasa ninapokuandikia.

Unakumbuka tetroni ilipoanza kuingia madukani Chake? Kila mtu akiishika na kustaajabu: haikunjamani, haitaki pasi, ukiifua asubuhi adhuhuri unaivaa. Shangazi, wifi yako, alipomwoza binti yake hapa Kengeja, akawashonesha wanawake wote wa ukoo magauni ya sare ya tetroni, rangi ya waridi. "Haipitishi hata upepo, mwanangu," uliniambia siku ya harusi tukicheka, jasho likikutiririka mgongoni.

Mara Shangazi akaja mbio. "Wifi, njoo jikoni, pilau inashika chini!"

"Ngoja nivue hili nijifunge kanga."

Nilikuwepo. Nilimsikia: "Utavua saa ngapi, na wageni washafika? Nenda hivyo hivyo!"

Ukaenda. Ulipoinama kupalia makaa juu ya mfuniko, cheche ikarukia mkono wa gauni. Ingekuwa pamba tungeipigapiga ikazima. Ile iliyeyuka, ikakuganda kama ulimbo, na tulipoivuta ngozi ikaja nayo. Ukelele wako, Mama! Gari la abiria likakukimbiza hospitali, ukarudi na mkono usiokunjuka.

Hata kidonda hakijafunga, Shangazi ameshaanza: "Maringo yale! Nani kamtuma aingie jikoni na nguo ya harusi?" Wenziwe wakaitikia. Ukawa ndiye mfano wanaoonyeshwa mabinti ili wasijidai. Nilipokuuliza mbona husemi, ukanijibu, "Ni wifi yangu, tunakula sahani moja. Nyamaza." Na kwa mkono huo huo ukaendelea kuwapikia harusi zao, mpaka ulipofariki.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Dua imekwisha, tunakula, naye anasema, "Mungu amrehemu, ila kilema kile alikitafuta mwenyewe kwa maringo."

Nikasimama. "Shangazi, mama yangu alitaka kuvua, wewe ukamkataza. Hakuwa akiringa. Alikuwa akikupikia wageni wako."

Wanawake wakaacha kula, wakamtazama. Akavuta kanga usoni. Hakuna aliyemtetea.

Najua uliniambia ninyamaze. Ulipokuwa hai nilikutii, na kila siku ukimya huo ulinichoma. Sasa atakayelitaja gauni lile mbele yangu, nitamwambia na lililosemwa kabla hujaingia jikoni.

Pumzika, Mama. Huko hakuna wa kukuita kwenye moto.

Mie, binti yako