Mkono Wangu, Gitaa Lake

Jumamosi, 7 Juni

Nimerudi kutoka Korogwe nimechoka hoi. Madumu matupu, jiko baridi, na Baba Upendo bado yuko mashineni anawasagia watu mahindi. Nimeteka maji, nimeinjika ugali, ndiyo nimekaa.

Darasa la walimu wa kwaya leo lilikuwa refu. Mwalimu Kilua ametupa kazi ya wawili wawili. Ametutumia kwenye simu nyimbo mbili za kulinganisha. Moja ni jazz ya zamani, zile za bendi zetu za dansi, magitaa na saksafoni. Nyingine ni ufunguzi wa okestra ya Ulaya, muziki unaopigwa kabla pazia halijafunguliwa. Tutazame mapigo, melodia, sauti zinavyopatana, ala na mpangilio. Baada ya wiki mbili kila jozi isimame ieleze.

Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kooni. Atakayeeleza vizuri ndiye ataongoza wimbo wa kufungulia ibada siku ya kuzindua kanisa jipya. Kanisa letu. La hapa Handeni. Kwaya ya hapo nimeifundisha mimi tangu Upendo yuko mgongoni, leo Upendo ana mtoto wake. Niliinua mkono nikauliza kama kuna haja ya mashindano. Akasema si mashindano, mama, ni kujifunza.

Jozi yangu ni Eliza. Nilimfundisha do re mi akiwa binti mdogo, hajui hata kushika sauti ya pili bila kuikimbilia ya kwanza. Sasa ameolewa Korogwe, ana kwaya yake na tarumbeta zake, na watu wa huko wanamtaja kila wanapofungua mdomo. "Shikamoo mwalimu," akanishika mkono kwa mikono miwili. Marahaba, nikamwitikia.

Jumanne, 10 Juni

Nimesikiliza zote mbili nikichambua mchele.

Ufunguzi naupenda. Unaanza polepole, kwa uzito, kama maaskofu wanaingia. Halafu fidla zinachomoka mbio. Melodia moja inapokezanwa: fidla, filimbi, tarumbeta, kila mmoja anaipokea na kuivalisha nguo yake. Tarumbeta zinanyamaza muda mrefu zikihesabu, zikija zinakuja kweli. Watu wengi, mkono mmoja. Huo ndio muziki ninaouelewa.

Jazz sijui nianzie wapi. Magitaa matatu yanaongea kwa pamoja na hakuna anayemwambia mwenzake nyamaza. Mwanzo mpole, mtu analalamika mapenzi. Katikati wanachemsha, mwimbaji anawaachia wapigaji, na hapo nikipiga mkono kuhesabu napotea. Nimerudia mpaka mchele ukaanguka. Kelele tu. Nimeandika kwenye karatasi: "Haina mpangilio."

Jumamosi, 14 Juni

Eliza alikuja ili tuifanye kazi pamoja. Basi lilimchelewesha Misima, akafika na fuko la machungwa na lile tabasamu lake. Nilikuwa nimempikia. Sikatai, ni mgeni.

Alipouweka ule wimbo wa jazz, Baba Upendo alikuwa mlangoni, unga kichwani, anapita kwenda kuoga. Hakupita. Akasimama. Akasema, "Huyo wa besi anacheza na watu."

Eliza akamvutia kiti. "Kivipi, baba?"

Mungu wangu. Mwanamume ambaye nikimuuliza habari za mashine hujibu "salama" akaongea mpaka chai ikapoa. Kwamba gitaa la besi halifuati mkono wa mtu. Kwamba mpigaji mzuri wa besi hulificha pigo la kwanza, analiacha wazi, na mguu wa mchezaji ndio unaolijaza. Ndiyo maana huwezi kukaa. Akapiga meza kwa vidole, Eliza akagonga kwa kijiko, wakapatana, wakacheka. Vikombe vyangu vilikuwa vinarukaruka.

Eliza akasema basi tofauti ndiyo hiyo: ule ufunguzi unamwambia msikilizaji kaa, tunaanza, jazz inamwambia inuka. Baba Upendo akamtazama kama mtu aliyepewa maji.

Nilijua aliwahi kupiga kwenye bendi huko Korogwe kabla hajanioa. Nilimwambia mambo ya baa yabaki huko huko, akayaacha. Nilidhani yamekwisha. Hajawahi kuniambia habari za pigo lililofichwa. Mimi, mwalimu wa muziki, nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii.

Naona wivu. Nimeandika, basi. Simdhanii ubaya binti wa watu, wala mume wangu simdhanii. Ingekuwa ubaya ningejua pa kuupeleka.

Jumapili, 15 Juni

Leo niliinua mkono kanisani, kwaya ikaanza vizuri. Nikageuka kidogo nimwone Baba Upendo. Alikuwa anasoma matangazo.

Alhamisi, 19 Juni

Anaimbaimba akifua ovaroli. Ile ile jazz. Ameniuliza, "Eliza anakuja lini tena?" Nimemjibu mimi si mfanyakazi wa basi, atafute ratiba. Akacheka. Alidhani natania.

Nimeichana ile karatasi ya "Haina mpangilio". Nimeandika mpya. Nimeweka besi, nimeweka pigo lililofichwa, nimeweka kaa na inuka. Maneno yamesemwa mezani kwangu, kwa chai yangu. Ya nani kama si yangu pia?

Jumamosi, 21 Juni

Aibu. Nitaandika upesi nimalize.

Zamu yetu ilipofika Eliza akasema, "Mwalimu wangu aanze." Alikuwa na karatasi zake mkononi. Nikaanza, na sikumwachia kitu. Nikasema zote mbili huanza polepole na kuishia mbio, ila okestra hufuata mkono na jazz hufuata mguu. Nikasema habari za besi. Nikasema mmoja unamkalisha msikilizaji na mwingine unamwinua. Darasa zima wanaandika. Mwalimu Kilua anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimwona Eliza akizikunja karatasi zake polepole na kuzirudisha kwenye pochi. Nikajisikia vizuri. Vizuri sana, nisidanganye.

Kisha Mwalimu Kilua akasema, "Safi sana, mama. Hebu tuonyeshe hilo pigo."

Nikafanya nilichofanya maisha yangu yote. Nikatafuta do. Nikaimba do mi so do, nikainua mkono, nikaushusha kwenye moja, nikauanza wimbo wa jazz kwa noti zake, so so la so, kila noti imekaa juu ya pigo lake wima kama askari. Jamaa mmoja wa nyuma akasema, "Mwee! Mama ameuokoa huo wimbo, umekuwa tenzi." Wakacheka wote. Kuna mwalimu alifuta machozi. Nikarudia. Ikawa tenzi tena, ya mazishi safari hii. Mkono wangu haujui kuacha pigo wazi. Kila ninapolifikia unalishukia.

Eliza akasimama. Hakunicheka. Akagonga benchi kama alivyogonga kwangu kwa kijiko, darasa likaanza kutikisa mabega. Akawaambia eti mimi ndiye niliyemfungua masikio. Afadhali angenitukana.

Amechaguliwa yeye. Ataongoza kwenye kanisa langu.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda. Nimesema kichwa kinauma. Kinauma kweli.

Baba Upendo aliniuliza mambo ya darasani yalikwendaje. Nikamwambia Eliza ameshinda. Akasema, "Nilijua." Angenipiga kofi nisingeumia hivyo.

Ijumaa, 4 Julai

Kuna gitaa la besi kwenye sebule yangu.

Eliza amelitafuta kwa watu huko Korogwe, likaja juu ya bodaboda limefungwa kwenye kanga. Anataka wimbo wa kufungulia uanze na tarumbeta, polepole, kama ule wa okestra, halafu kwaya iingie, halafu magitaa yawainue watu. Na besi apige Baba Upendo. Hakunipigia mimi simu kuniomba. Amempigia yeye.

Yeye alikuja kuniuliza, kofia mkononi kama anaposa. Nilikuwa na maneno mengi tayari. Nikasema, "Fanya unavyotaka, baba." Akasema asante. Alisema asante mara mbili.

Jumamosi, 12 Julai

Mazoezi ya pamoja. Wametoka Korogwe, wengine Misima, wengine Kwamsisi, jua kali na vumbi mpaka kwenye tarumbeta. Nimepangwa sauti ya pili, mstari wa mbele. Kwaya niliyoilea ikamtazama Eliza. Alipowaambia walegeze magoti wakalegeza. Mimi nilikuwa nawaambia wasimame wima.

Nilitamani akosee. Nilikaa nikisubiri saa nzima. Hakukosea.

Nikaanza kumtazama Baba Upendo, kama anamtazama. Kila mpigaji humtazama anayeongoza, ndiyo kazi. Lakini nguzo ya turubai ilikuwa inanikinga, nikaona tu mgongo wa shati lake. Nimerudi nyumbani na swali langu.

Jumatatu, 21 Julai

Kumetulia. Viti vya kukodi vimerudishwa. Nimefua sare.

Jana kwenye uzinduzi wimbo ulikwenda vizuri. Kuliko unavyokwenda ninapoongoza mimi. Tarumbeta zilianza, watu wakakaa. Kwaya ikaingia. Besi lilipoingia wamama wa nyuma waliinuka kabla Eliza hajawaambia, na askofu naye akainuka, nadhani hakujua kwamba ameinuka.

Jana hapakuwa na nguzo. Nilimwona uso mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nikiimba sauti ya pili huku namchunga. Eliza alipoinua mkono macho ya wote yalimfuata, ila ya Baba Upendo. Alikuwa amefumba. Kinywa wazi kidogo, kama mtoto aliyelala mgongoni. Hakumtazama Eliza hata mara moja. Wala mimi.

Leo asubuhi amekwenda mashineni mapema. Gitaa ameliegemeza ukutani, karibu na kiti changu. Nimefagia sebule nzima, nimelizunguka. Sikuligusa.