Dua ya Safari ya Feisal

Ladywood, Birmingham
Machi 2008

Kaka Ussi,

Assalaam alaykum. Bizari imefika, mfuko umepasuka njiani lakini harufu ni ile ile. Jirani wa juu ametuvujishia maji tena.

Umeuliza kama mwanangu Feisal ameshafika Marekani. Hajafika. Ile ligi mpya ya mpira wao wa kubeba mikononi imeahirishwa. Waliahidi kuwalea vijana mpaka wafae kwa ligi kubwa, naye akaacha kazi yake ya kiwandani Tyseley. Sasa wanasema wadhamini hawakupatikana, wasubiri mwakani. Ligi gani hiyo, ina jezi na nembo, mechi haina hata moja!

Ningevumilia, ila tulishamuaga. Tulimsomea dua, nikapika biriani, watu wa msikitini wakaja kumpa mkono. Mtu aliyeagwa vile atatokaje tena barabarani? Basi anajificha ndani.

Jana alikuja Bi Saleha wa msikitini, Feisal akakimbilia chumbani. Bibi akauliza, "Mwana hajambo huko Marekani?" Nikamjibu hajambo, Jumamosi walicheza, watu wakamshangilia sana. Ulimi wangu mwenyewe, kaka!

Mgeni alipoondoka, mlango wa chumba ukafunguka, na lile pande la mtu likasimama mbele yangu. Akaniuliza taratibu, kwa Kiingereza chake, "Mama, tulishinda?"

Wakikuuliza huko nyumbani, waambie walishinda.

Nduguyo,
Safiya