Mvua Ikinyesha Wote Wako Nyumbani

Jumatatu, 12 Januari 1998

Sare za shule bado zimerundikana na mvua haijakatika tangu alfajiri. Nashonea barazani, ndani giza. Tangu mitumba ijae sokoni hakuna anayeshonesha gauni hapa Katandala. Nimebaki na sare na viraka. Haya.

Nyuki bado wapo. Waliingia Jumamosi mvua ilipopumzika, kundi zima, kwenye tundu la chini ya bati. Wakakaa darini, juu ya chumba anacholala Sesi na bibi yake. Nilitaka kuwatia moshi saa ileile. Mama mkwe akakataa. Akaleta unga wa ulezi, akaunyunyiza chini ya tundu. Kwao, anasema, nyuki wakiingia nyumbani ni wageni waliotumwa na wazee, na mgeni hafukuzwi kwenye mvua. Baba Sesi alikuwa anafunga mizigo aende Kirando kununua dagaa. Akasema akirudi tutaona. Tangu wampunguze kazi ofisini, kila kitu ni akirudi tutaona.

Watu husema fuata nyuki ule asali. Mimi nyuki ndio wamenifuata, na asali siioni.

Jumanne, 13 Januari

Mvua kutwa. Ikipiga bati sisikii kitu. Ikipungua, nawasikia. Sauti ya chini chini, kama cherehani chumba cha pili.

Mvua ikinyesha wote wako nyumbani. Hakuna aliyetoka. Hilo ndilo linalonitisha.

Mwaka jana nyuki mmoja alimdunga Sesi shambani kwa bibi yake. Mmoja tu. Midomo ikavimba, macho yakafumba, akawa anavuta pumzi kwa sauti mbaya ambayo sitaisahau. Baba yake akampakia kwenye baiskeli mpaka hospitali, mimi nyuma nikikimbia pekupeku. Daktari akasema safari nyingine inaweza kuwa mbaya zaidi. Nimeuliza maduka ya dawa ya mtaani, sindano aliyochomwa siku ile hawana. Mtoto ana miaka sita.

Nimemhamishia chumbani kwangu. Kwangu kunavuja. Bora kuvujiwa.

Jumatano, 14 Januari

Jua kidogo. Wametoka kwa fujo, kama watoto kengele ya shule ikilia. Wametua kwenye ukingo wa ndoo yangu wanakunywa. Maji yamejaa kila mahali, wao wanataka ya ndoo yangu! Mama mkwe amewawekea sinia la maji na kokoto za kusimamia, wasizame. Nimeuma meno.

Saa nane wakaanza kurudi, wamesongamana mlangoni pao. Anga lilikuwa jeupe bado. Nikaanua nguo kwa woga tu, na kweli mvua ikaja. Wanajua kabla yetu.

Nimemwendea mrina asali wa sokoni. Hakutaka hata kuinuka. Kwenye mvua, anasema, wote wamo ndani, wana njaa, wana hasira, na moshi wa kuni mbichi hauwalegezi. Nisubiri siku kavu mbili tatu. Januari hii? Nizitoe wapi siku kavu?

Nyigu wa barazani wao hawana shida na mtu. Kiota chao kimelowa. Nimemwona mmoja anafyonza tone, anatoka mpaka ukingoni, analitema nje. Anarudi. Anafyonza tena. Nimemtazama mpaka nikasahau kuogopa, muda mfupi.

Alhamisi, 15 Januari

Leo nimempiga mwanangu. Nyuki waliopigwa na mvua walikuwa wanatambaa sakafuni barazani, hawawezi kuruka. Nimeinua macho kutoka kwenye mshono, Sesi amemweka mmoja kiganjani. Anampulizia. Anamkausha, anasema, maskini ana baridi.

Nilimpiga mkono nyuki akaanguka. Kisha nikampiga tena bila sababu. Akalia, nami nikalia. Mama mkwe alisimama mlangoni na rozari yake, anatutazama. Nilimchukia. Naandika hivyohivyo: nilimchukia.

Jumamosi, 17 Januari

Nimefanya.

Jioni mama mkwe alikuwa kwenye sala za jumuiya. Mvua inanyesha, kwa hiyo wote wamo ndani. Nikaona hii ndiyo saa. Nimekanda tope na kinyesi cha ng'ombe, nikapanda ngazi, nikaziba tundu lote. Nimepapasa mpaka likawa laini. Hakutoka hata mmoja. Wafe humohumo.

Chumbani kwangu godoro limeloa chapachapa na Sesi ameanza kukohoa. Nimemrudisha kitandani kwa bibi yake. Sasa hakuna ubaya.

Leo nitalala.

Jumapili, 18 Januari

Mikono imevimba. Naandika hata hivyo.

Asubuhi jua. Jua kali, la kwanza wiki nzima. Nilikuwa uani namimina chai, nikasikia sauti imebadilika. Si ile ya chini chini. Imepanda. Nikajua kabla sijafika. Nimewanyima mlango, nao wametafuta mwingine.

Pale penye msumari wa taa silingibodi imepasuka. Walikuwa wanashuka hapo. Mmoja, halafu mkufu, halafu wingu. Kitanda cha Sesi kiko chini yake.

Mama mkwe alikuwa ameshamfunika. Blanketi, na juu ya blanketi yeye mwenyewe, kifudifudi, amekumbatia mbao za kitanda kwa mikono yote miwili. Kichwa wazi. Nyuki kwenye mvi zake. Akanipigia kelele: "Usije! Kawafungulie!"

Nilimtii. Sijui kwa nini miguu ilinitii na mimi. Kwenye cherehani palikuwa na shela la harusi la mitumba, nilinunua zamani nilikate lesi za magauni ya komunyo. Nikajitupia kichwani. Nikapanda ngazi na mkasi mkubwa, nikachokonoa tope, lilikuwa limekauka nusu, halitoki, nikang'oa na ubao wenyewe wa chini ya bati. Wakamwagika nje. Wamenidunga mikono yote. Sikusikia kitu.

Niliporudi chumbani wengi walikuwa wanapanda juu kuufuata mwanga. Tulimvuta Sesi ndani ya blanketi lake mpaka kwa jirani. Nikamvua nguo zote. Nikamgeuza. Nikamtazama nyuma ya masikio, kwenye nywele, vidoleni.

Hakuna. Hata mmoja.

Mama mkwe nimemtoa miiba kwa kucha mpaka nikachoka. Hospitali wamempa sindano, wamesema moyo wake una nguvu. Njiani nilimwambia ni mimi niliyeziba. Akasema ameona tope kwenye kucha zangu tangu jana usiku.

Jumanne, 20 Januari

Mvua ya usiku imeingia pale nilipong'oa ubao. Maji yametiririka juu ya masega, yamechuruzika ukutani na rangi ya asali. Asubuhi walikuwa wamening'inia kwenye mpera wa jirani, donge moja, wa nje wamelala kama vigae na maji yanawateleza. Mchana jua likatoka. Wakaondoka upande wa bondeni. Mama mkwe alitoka kuwaangalia kwa jicho moja, la pili limefumbwa na uvimbe.

Sesi haruhusiwi kutoka. Simwachi hata aende choo peke yake.

Alhamisi, 22 Januari

Baba Sesi amerudi, ananuka dagaa. Ameona ubao wenye tope umeng'olewa, ukuta umechuruzika, mama yake amevimba uso. Akauliza nani aliyewaziba wageni. Nilifungua mdomo.

Mama mkwe akawahi: "Mimi. Una neno?"

Akaenda kutafuta misumari. Mimi nikaingia jikoni nikaegemea ukuta. Jumapili yote sikulia. Leo nimelia.

Jumamosi, 24 Januari

Sare nyingine. Bati limepigwa misumari, chumbani kwangu hakuvuji. Sesi amelala mchana, kikohozi kimepungua.

Mvua imenyesha tangu saa sita. Saa tisa ikakatika ghafla. Nikasimamisha cherehani, nikasikiliza juu. Barazani mama mkwe naye ameacha kuchambua maharage, ameinua uso. Jicho la pili limeanza kufunguka.

Tumesikiliza wote wawili. Maji yanadondoka kutoka kwenye bati, basi.

Akarudi kwenye maharage yake. Nikamwomba asogeze kiti, mahali pale panarushiwa maji.