Kikanda Kilichoitwa Nyama

Kwako mjukuu wangu Odile,

Pokea salamu zetu za heshima kutoka mtaa wetu wa Kasungami. Bibi yako ni mzima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama ni kweli, kama unavyoambiwa na walimu wako huko ugenini, kwamba kupika bila nyama ni elimu waliyoigundua wao. Swali hilo limenikasirisha, ingawa si wewe uliyenikosea.

Zamani za Wabelgiji, mji huu ukiitwa Elisabethville, mama yangu aliuza kikanda sokoni: mizizi ya porini iliyotwangwa pamoja na karanga, ikapikwa hadi ikashikamana, ikakatwa vipande vinavyofanana na soseji. Mkaguzi mzungu akavitazama, akasema, "Weye nauzisha nyama bila muhuri."

"Haiko nyama, Bwana. Iko mizizi na kalanga."

Muuza samaki jirani akadakia, "Bwana, iyi nyama ilikuwa na miguu ngapi?"

Wanawake wakacheka. Mkaguzi akaimwagia sufuria yote mafuta ya taa.

Nami, kijana niliyejifundisha kuandika, nikaiandikia serikali malalamiko yangu ya kwanza, ukurasa mzima wa maelezo. Nikajibiwa kwamba nyama ile iliharibiwa kwa ajili ya afya ya wenyeji. Nyama, waliandika tena!

Nilimsomea mama jibu lile. Hakuacha kutwanga. Akasema tu, "Hata kuonja, hakuonja."

Ninakutumia mizizi mikavu pamoja na barua hii. Wapikie hao wanaokufundisha, kabla hawajasema neno lingine.

Ni mimi babu yako, ambaye hadi leo sijasamehe.