Uwanja Usiofagiwa

Bredäng, 26 Aprili 2010

Mkwe wangu Josiah,

Amani ya Kristo iwakute wewe na Mama Wamaitha mkiwa wazima. Sisi tu wazima, ila moyo wangu una mwiba. Binti yangu Natacha amerudi kutoka kwenu Sundbyberg akiyasifu maua yako ya samawati, blåsippa kama wenyeji wa hapa wanavyoyaita, yaliyochanua kabla mti haujatoa majani. Mche wake tuliugawana nusu kwa nusu, na kivuli cha miti yangu si haba kuliko chako. Kwangu hakuna kitu. Nakuuliza kwa heshima: je, nusu uliyonipa ilikuwa hai?

Mkwe wako,
Callixte

Sundbyberg, 2 Mei 2010

Mkwe,

Salamu tele. Mgongo wa Mama Fébronie unaendeleaje? Barua yako imenichekesha mpaka mke wangu Wamaitha akaja kuuliza kulikoni. Nusu yako ndiyo ilikuwa kubwa. Muulize mwanangu Njuguna, mumewe Natacha, aliyeikata. Lakini Oktoba iliyopita nilikukuta na ufagio, na hapakuwa na jani lililobaki chini ya miti yako. Majani hayo ndiyo blanketi la maua haya, na ndiyo chakula chake. Unawavua wageni nguo, bwana, kisha washangaa hawatoki kukusalimu.

Mkwe wako,
Josiah

Bredäng, 7 Novemba 2010

Mkwe wangu,

Natumaini baridi haijawadhuru. Maneno yako kuhusu ufagio yaliniuma, kwa kuwa nililelewa seminari, ambako uwanja ulifagiwa kabla ya sala ya alfajiri. Lakini Natacha, ambaye sasa ni mjamzito, amesema maua ya ubatizo wa mtoto wakati wa Pasaka yatatoka kwako, si kwangu mimi baba yake. Mungu anisamehe, sikuweza kumaliza rozari. Ufagio nimeufungia stoo. Mke wangu Fébronie hatazami tena dirishani kwa aibu ya majani yaliyojaa uwanjani.

Mkwe wako,
Callixte

Sundbyberg, 10 Aprili 2011

Mkwe,

Hamjambo? Mjukuu wetu Gabrieli anazidi kunenepa. Kwangu maua yamejaa. Tutapita kwenu Jumamosi, mkesha wa Pasaka, tukienda kwenye ubatizo wake.

Mkwe wako,
Josiah

Bredäng, 19 Aprili 2011

Mkwe wangu,

Tunawangoja kwa furaha, nasi tu wazima. Fébronie alipousoma ujumbe wako aliuchukua ufagio, nikasimama mlangoni kumzuia. Maisha yangu yote sijampokea mkwe penye takataka, nawe ndiwe wa kwanza.

Leo nimeyainua majani kwa kidole. Limechanua ua moja. Moja tu, mkwe. Wewe njoo na kapu lako limejaa. Hili nitalibeba mwenyewe, na litakaa karibu na maji ya ubatizo kuliko yako yote.

Mkwe wako,
Callixte