Mbuzi Aliyekula Kofia

Jumatano, Garsen

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Leo huko Chara nimempima Rehema wa gredi ya tatu kama anajua kusoma. Hadithi ni ileile ya tangu mwaka juzi, ya mbuzi aliyekula kofia ya mwalimu. Wakfu unaofadhili utafiti wetu hautaki ibadilishwe, ili matokeo yaweze kulinganishwa. Karatasi tunazikusanya kila tukimaliza, hata moja isibaki kijijini.

Rehema alisoma bila kukwama. Katikati akaruka sentensi moja, na mamake akamrekebisha kutoka uani huku akipepeta mchele. "Bado! Mbuzi alikohoa kwanza."

Mama Rehema hajaingia darasani hata siku moja. Kumbe watoto huisimulia nyumbani kila jioni, na sasa kijiji kizima kinaijua.

Nikamwonyesha Rehema neno "mbuzi" peke yake. Akalitazama sana. Akaniuliza kama ndiyo kofia.

Na ofisini wanashangilia jinsi alama za Chara zilivyopanda.

Nikiandika ukweli, Chara itaondolewa kwenye utafiti, na mkataba wangu sijui. Nisipoandika...

Nilipokuwa naondoka, Mama Rehema alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. "Mwalimu, hii ya mbuzi tumeichoka. Mtatuletea nyingine lini?"

Nikamwambia sisi hatuleti hadithi, tunapima tu.

Akanitazama vilevile kama Rehema alivyolitazama lile neno.