Majibu Mazuri Nisiyoyaamini

Temeke, Jumanne, 14 Juni 1994

Leo nitaandika yote, hata ya aibu.

Nimepimwa mara ya pili na majibu ni yale yale: sina virusi vya ukimwi. Muuguzi akacheka, "Binti, nenda kasome." Nilitabasamu hadi kituo cha basi, kisha nikaanza tena kujipapasa tezi za shingo.

Wembe ndio unaonitesa. Shangazi alipofariki kwa ugonjwa huo, mganga alituchanja sote chale za kinga kwa wembe mmoja. Mimi nilichanjwa baada ya mume wa shangazi. Mama ndiye aliyenishika mkono nisikimbie.

Jioni nilitenga kikombe changu, nisije nikamwambukiza mdogo wangu. Mama akakiona.

"Unatuona sie wachafu?"

"Hapana, mama."

"Basi hiyo miwaya ya ukimwi umeikanyaga wapi, na majibu umeleta mwenyewe?"

Dada zangu wakaangua kicheko. Nilitaka kumjibu: pale uliponishika. Badala yake nikaosha vyombo.

Kinachoniuma ni kwamba alinishika kwa kunipenda.

Mungu wangu, nijibu upesi, kabla sijaenda kupimwa tena: damu waliyoipima ilikuwa yangu kweli?